Kura 537 za Florida haziutetei mfumo wa wajumbe

Mhariri,

Katika mijadala ya wasomaji kuhusu uchaguzi wa rais wa Marekani, hoja moja imekuwa ikirudiwa: kwamba mfumo wa wajumbe, ambao ndio humpitisha rais badala ya jumla ya kura za wananchi, huiepusha nchi hiyo na balaa la kuhesabu upya mamilioni ya kura pale wagombea wanapokaribiana. Ushahidi unaotolewa ni uchaguzi wa mwaka 2000, kwa kuwa mzozo wake ulibaki katika jimbo moja la Florida. Naomba nafasi nieleze kwa nini uchaguzi huohuo, ukitazamwa kwa makini, unathibitisha kinyume chake.

Tuanze na hesabu. Kwa nchi nzima, Al Gore alimzidi George W. Bush kwa kura 543,895, na kama rais angekuwa anapatikana kwa wingi wa kura za wananchi, Florida isingekuwa na uzito wa pekee. Lakini kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wanaompigia rais kura, na karibu kila jimbo humpa aliyeongoza wajumbe wake wote, hata akiongoza kwa kura moja, na usiku ule ikawa kwamba wajumbe 25 wa Florida ndio watakaoamua nani afikishe wajumbe 270 wanaohitajika kati ya 538. Tofauti ya kwanza iliyotangazwa huko, Bush akiongoza, ilikuwa kura 1,784. Mashine ziliporudia kuhesabu kama sheria ya jimbo ilivyotaka, ikashuka hadi 327. Kura za Wamarekani walio ng'ambo zilipoongezwa ikapanda hadi 930. Na mwishowe ikathibitishwa kuwa 537, kati ya kura zinazokaribia milioni 6. Katika uchaguzi huohuo Gore alishinda New Mexico kwa kura 366 tu, tofauti ndogo kuliko ya Florida, na dunia haikushughulika nayo, kwa sababu wajumbe watano wa jimbo hilo hawakuwa wa kuamua mshindi. Ukaribu tuliousikia kwenye redio kwa wiki tano haukutokana na wananchi kugawanyika nusu kwa nusu, bali ulizaliwa na namna kura zao zilivyogawanywa kwa mipaka ya majimbo.

Hali ikifika hapo, kila dosari ndogo hupata nguvu ya kumchagua rais. Katika kaunti ya Palm Beach, majina ya wagombea yalipangwa kurasa mbili zinazoelekeana na matundu ambayo mpiga kura aliyatoboa ili kumchagua mgombea yakawekwa katikati, hivyo kwamba jina la Gore lilikuwa la pili upande wa kushoto ilhali tundu lake lilikuwa la tatu. Tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, mgombea wa chama kidogo cha Reform, ambaye alipata kura 3,407 katika kaunti iliyojulikana kuwa ngome ya chama cha Gore, Democratic, na mwenyewe alikiri hadharani kwamba nyingi hazikuwa zake. Kura nyingine zaidi ya 19,000 za kaunti hiyo ziliharibika kwa kutobolewa zaidi ya mgombea mmoja. Watu hao walipanga foleni, wakapiga kura, na hawakuhesabiwa. Jambo hili hunisikitisha kuliko mabishano yote ya mawakili yaliyofuata.

Aliyekuwa na mamlaka ya kuthibitisha matokeo, Katherine Harris, alikuwa pia mwenyekiti mwenza wa kampeni ya Bush jimboni humo. Mahakama ya Juu ya Florida iliamuru tarehe 8 Desemba kura zilizokataliwa na mashine zihesabiwe kwa mkono. Kesho yake Mahakama ya Juu ya Marekani ikasimamisha zoezi hilo, na tarehe 12 Desemba ikalifunga kabisa kwa majaji watano dhidi ya wanne. Siku iliyofuata Gore akakubali kushindwa. Heshima aliyoionyesha ni ya kupongezwa, lakini uungwana wa aliyeshindwa hauwezi kugeuzwa kuwa ushahidi kwamba mfumo ulifanya kazi.

Mwaka 2020 hali ilijirudia kwa sura ya kutisha zaidi. Joe Biden alimshinda Donald Trump kwa kura zaidi ya milioni 7 nchini kote, ila Georgia ilikuwa na tofauti ya kura 11,779, na Trump alimpigia simu afisa mkuu wa uchaguzi wa jimbo hilo akimtaka atafute kura 11,780. Hakuna mtu ambaye angethubutu kuomba atafutiwe milioni 7. Kishawishi cha kuchezea matokeo hukua pale ambapo kiasi kinachohitajika ni kidogo na mahali pa kukitafuta panajulikana.

Wapo wanaosema kwamba bila wajumbe majimbo madogo yangesahauliwa. Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina wajumbe watatu, uwiano mkubwa kuliko wa California yenye wajumbe 54 kwa watu takriban milioni 39. Hata hivyo wagombea hawaendi Wyoming, kwa kuwa mshindi wa huko anajulikana mapema. Huelekea Pennsylvania na Michigan, ambazo si ndogo. Kama shabaha ni rais kukubalika sehemu nyingi za nchi, ipo njia isiyofuta kura ya mtu: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47.

Nakiri kwamba kura za wananchi nazo zinaweza kukaribiana sana. Mwaka 1960 tofauti kati ya John F. Kennedy na Richard Nixon ilikuwa zaidi kidogo ya 100,000, na kuhesabu upya nchi nzima kungekuwa kazi nzito. Ningeichagua kazi hiyo kuliko kuacha hatima ya nchi mikononi mwa kaunti chache.

Wamarekani wenyewe walikaribia kuubadili mfumo huu. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha marekebisho ya katiba kwa kura 338 dhidi ya 70, lakini mwaka uliofuata yakakwama katika Seneti, ambako wapinzani waliurefusha mjadala hadi hoja ikafa. Tangu mwaka 2007 majimbo kadhaa yamepitisha sheria ya kuwapeleka wajumbe wao kwa atakayeongoza kwa kura za nchi nzima, na sheria hizo zitaanza kutumika majimbo yaliyokubaliana yatakapofikisha jumla ya wajumbe 270.

Msomaji wako,
Morogoro