Barua kwa Mwanaidi, kabla hajaingia tena chini ya gari

Korogwe, Jumatano jioni

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka, na yule mbuzi mweusi kazaa mapacha. Mengine nitayasema mbele nisipoyasahau.

Picha nimeiona. Bakari kanionyesha kwenye simu yake huku anacheka, "Baba, mwone dada kawa fundi." Nami nikacheka, mpaka nilipomwambia aikuze. Miguu yako imechomoza chini ya gari, ndala moja imekuvuka, gari limeinuliwa kwa jeki ile ile liliyokuja nayo kutoka Japani, na pembeni umepanga matofali mawili ya saruji. Usiku ule sikulala vizuri.

Jeki ya kwenye buti ni ya kubadilishia tairi, basi. Unainua, unatoa tairi, unavisha jingine, unashusha. Hata mkono hupitishi chini. Na hilo tofali ndilo baya zaidi, kwa sababu linakutia moyo bure. Ukutani linabeba kwa kuwa mzigo umetandazwa juu yake. Ulibebeshe ncha ya chuma mahali pamoja, halitapinda likakuonya, litapasuka tu. Toyota IST yako ni ndogo, najua, lakini ni kama tani moja.

Sijasema usifanye. Usije ukamwambia mama yako nimekukataza. Ile karatasi ya makadirio uliyonitumia, ya gereji waliokuandikia kubadilisha taimingi belti, nimekwenda nayo barazani na watu wameisoma mmoja mmoja. Injini yako ni 1NZ, ina cheni! Mkanda ilio nao ni wa nje, unaozungusha alteneta na pampu ya maji. Walitaka kukulipisha kitu ambacho hakimo ndani ya gari, nawe ukawashika kwa kuwa ulisoma. Mzee mmoja pale akasema binti kamshinda baba yake. Sikumjibu.

Na kuhusu wakala wa Toyota, ulivyosema kwamba sevisi yake ni kulipia bure, nakubaliana nawe. Sevisi ya kila kilomita 5,000 ni nini? Oili, chujio, kijana wa kukagua matairi na kupuliza vumbi kwenye chujio la hewa. Mwenye gari jipya lenye waranti aende akagongewe muhuri kwenye kitabu chake. La kwako limenunuliwa limeshatumika, muhuri wa nini? Wewe unalipia vigae vyao na kahawa ya kwenye kochi.

Ila nina neno. Umejifunza haya kwa Mmarekani wa YouTube. Mimi baba yako nimeshika spana tangu 1979 na hukuniuliza hata bolti moja. Nimelifikiria sana hilo. Huenda ni kwa sababu ulipokuwa ukiniuliza zamani nilikuwa nakutuma ukalete chai. Basi.

Sasa nisikilize ingawa hukuniuliza. Huyo Mmarekani alikwambia habari ya mpira wa chujio? Ukifungua chujio la oili, tazama kama ule mpira wake wa duara umetoka nalo. Mara nyingine hung'ang'ania kwenye injini. Ukifunga jipya juu yake, mipira inakuwa miwili, unawasha gari, hakuna tatizo, unafika Chalinze oili yote imebaki barabarani. Mpira mpya upake oili kwa kidole, kaza kwa mkono, usikaze kwa spana kama unayemkomoa mtu. Bolti ya chini, ya kumwagia oili, ivishe washa mpya, ile pete yake ya kuziba. Inaingia kama lita 3.7, lakini usimwage yote kwa mkupuo. Mwaga tatu na nusu, washa kidogo, zima, subiri, ndipo uvute kijiti cha kupimia. Oili ya gia usiiguse mpaka uwe umesoma aina yake, maana gia za CVT, zile za otomatiki zisizo na hatua, zikiwekwa oili ya otomatiki ya kawaida ni kununua nyingine. Breki nisubiri mimi. Najua utasema unaweza. Maji ya breki hunyonya unyevu, na huko Dar unyevu ndio mwenyeji, kwa hiyo kama yamepita miaka miwili yatabadilishwa, lakini tutayabadilisha pamoja utakapokuja. Ukikaidi ukabadilisha pedi mwenyewe, kabla hujaondoa gari kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Wengi wamegonga geti lao wenyewe hapo.

Lakini hayo yote yakiharibika ni hasara ya pesa. Ninalolihofia mimi ni lile la jeki.

Ya Bakari sikusimulii, ulikuwepo, wewe ndiye uliyeshika tochi. Mama yako mpaka leo anasema jeki ile ilikuwa mbovu, na sijawahi kumsahihisha. Jeki ilikuwa nzima. Ardhi ilikuwa mbichi, mvua ilinyesha jana yake, na gogo la kuegeshea lilikuwa hatua kumi pale pale, na mtu mzima aliyekuwa msimamizi alikuwa na haraka ya kuwahi mzigo wa Lushoto. Bakari hajawahi kuniuliza. Ndiye aliyenikuzia hiyo picha yako, kwa mkono ule.

Kwa hiyo nimefungua stoo nikatoa zile stendi zangu mbili za chuma za kuegeshea gari, za enzi za pikapu. Nimezipiga brashi kutu, maungio yake yote mazima, pini zipo zote mbili. Zimeondoka na basi la asubuhi, kazichukue kituo cha Magufuli pale Mbezi, namba ya konda anayo Bakari. Weka gari sakafuni, siyo kwenye mchanga wa uani kwako. Kabari kwenye matairi yanayobaki chini, pande zote mbili. Na kumbuka handbreki yako inashika matairi ya nyuma, ukiinua nyuma haikushikii kitu tena. Stendi zikae pale kwenye chuma kigumu palipoonyeshwa kwenye kitabu, zisikae kwenye bati. Gari likishatua juu yake, lisukume kwa bega kabla hujalala. Kama ni la kuanguka, lianguke umesimama. Na mtoto akae ndani. Kwenye picha nimeona kiatu chake karibu na tairi, usidhani sikukiona.

Oili chafu usimwage kwenye mtaro. Itie kwenye dumu uje nayo, mchwa wamerudi kwenye nguzo za banda. Mama yako ameshanionya isikaribie mchicha wake wala kisima, tumekubaliana nguzo za upande wa barabara tu.

Anauliza pia kama lile pazia alilokuagiza Kariakoo umelipata, la rangi ya maziwa, siyo jeupe. Jirani bado hajakata tawi la mwembe, na bati la jikoni limeanza kuvuja kwa ajili yake. Nimemwambia kwa upole mara mbili, ya tatu nitamtuma mama yako. Pesa ya umeme uliyotuma imefika, ahsante, ila usitume tena mwezi huu, nunua kwanza boksi la spana lililo kamili. Hiyo spana uliyoshika pichani imeliwa meno, itakuharibia vichwa vya bolti.

Ndani ya mfuko wa stendi kuna machungwa ya Muheza. Nimeyaweka juu, ila basi likiruka sana huenda chuma kimeyaponda machache. Hayo kamua leo leo.

Baba yako