Kibarua cha chuo si hela tu

Mhariri, naomba kanafasi niongee na vijana wa chuo wanaopiga vibarua huku wanasoma. Wengi wanaangalia hela tu, na siwalaumu maana ada na kodi ya chumba havisubiri, ila jamani kazi yoyote, hata ya kuuza dukani, ina kitu cha kuweka kwenye sivii ukijua kukiandika. Usiandike "muuzaji" ukaishia hapo, andika ulikuwa unafunga hesabu za siku, unapokea mzigo na kuuhakiki, ulimfundisha mwenzio mgeni kutumia mashine ya risiti, hivyo ndo vitu mwajiri anavitafuta. Na kabla hujaondoka muombe msimamizi barua ya mapendekezo wakati bado anakukumbuka, ukisubiri mpaka umalize chuo unakuta kashahama.

Halafu masaa. Mpe bosi ratiba yako ya mitihani mapema, kwa maandishi, asije akakupangia shifti ya usiku kesho yake una pepa.

Na hii ya kufanyishwa kazi bure miezi na miezi eti unapata uzoefu, mi naona ni unyonyaji kabisa, vyuo viikemee hadharani na viache kupeleka wanafunzi huko.

Mzazi na msomaji wenu