Nundu ya ngamia si tangi

Arusha

Mangi Elia,

Shikamoo hupewi, tumelingana. Natumaini nyumbani hamjambo. Sisi wazima, vumbi tu ndilo linatusumbua.

Barua yako nimeisoma, na naona bado unashikilia kwamba ngamia kabeba tangi la maji mgongoni. Nundu ile ni mafuta matupu, kaka. Ni chakula cha akiba, na kwa kuwa yamerundikana mahali pamoja, mwili uliobaki unatoa joto bila shida. Maji anayabania kwingine: mkojo mzito, kinyesi kikavu, na jasho hatoi ovyo. Akiwa na kiu, usiku mwili wake hushuka hadi nyuzi 34, mchana anauacha upande hadi 40 na ushee. Wewe ukifika 40 tunakukimbiza hospitali. Akikuta kisima anaweza kunywa lita 100 kwa mkupuo, na chembe nyekundu za damu yake huvimba bila kupasuka.

Lakini mimi aliyeniacha hoi ni digidigi wetu wa Longido. Saa saba mchana, hata mbuzi wamejibanza kivulini, nikamwona mmoja chini ya mgunga. Hakukimbia. Kile kipua chake kirefu kilikuwa kinachezacheza, hakitulii. Mle ndani damu hupita karibu na ngozi yenye unyevu, hewa ikipita inaipoza, kama mtungi unavyopoza maji. Kunywa si lazima. Majani na umande vinamtosha. Kinyesi chake nilikiokota: vipunje vikavu, hata mkono havichafui.

Nyie wa Marangu, mfongo, ule mfereji wa maji, unapita mlangoni, mtayajulia wapi haya? Mgomba una jani pana vile kwa sababu haujawahi kubana matumizi! Uangalie mkonge, ule Mjerumani Hindorf alioingiza nchini mwaka 1893, asili yake Mexico. Jua likiwaka unafunga vitundu vya majani. Unavifungua usiku, unavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi. Kukicha unapika chakula milango ikiwa imefungwa. Ndiyo maana unakua taratibu mno, huwezi kubania maji na bado ukakimbia. Mpungate umeacha majani kabisa, yamebaki miiba, na shina ndilo linalopika. Mgunga nao una vijani vidogo mno na mizizi inayochimba chini kweli.

Sasa lile shamba lako la tambarare, mahindi ya nini tena? Weka mtama. Jua likizidi unakunja majani, unasimama kukua, mvua ikirudi unaendelea. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, umekwisha.

Mwisho wa mwezi nashuka Moshi, tutabishana vizuri kwenye mbege. Mama mpe shikamoo yangu.

Wako,
Baba Neema