Kwaya nazo zipewe ukurasa jamani

Mhariri, shikamoo, mi ni binti naimba alto (ile sauti ya chini ya kina dada) kwenye kwaya ya vijana hapa Mwanza na gazeti lako nalisoma hasa kurasa za burudani, ila kila nikifungua ni bongo fleva tu, nani kaachana na nani, nani kanunua gari, kwaya hamna kabisa! Sasa Zabron Singers si wametokea hapo Kahama tu, na ukisikia wanavyopangana sauti zile, soprano inapanda alafu besi inabaki chini imetulia, mi huwa narudia kipande kimoja mpaka mama anasema nizime simu nikaoshe vyombo. Na AIC Makongoro ni wa hapahapa Mwanza. Ambassadors of Christ wa Kigali nao nawapenda mno, walipata ajali ya basi huku kwetu 2011 wakapoteza wenzao watatu, bado wakaendelea kuimba. Kwa solo mi ni Rose Muhando, basi, yule mama sauti yake ina ukwaruzo flani hivi ambao ukijaribu kuuiga koo linauma (usijaribu).

Watu wanadhani kwaya ni kusimama tu na joho, hawajui kujifunza solfa (zile do re mi), kila sauti inakaa kona yake kwanza, na wanaume wa sauti ya tenor ndo huwa wanachelewesha wenzao siku zote, samahanini kaka zangu.

Hata nusu ukurasa Jumapili inatosha mhariri, na picha mtupige tukiwa mazoezini.

Mwana-alto, Mwanza