Takwimu si kazi ya kuhesabu vichwa tu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wadogo zangu waliomaliza kidato cha sita na wazazi wao. Nasoma shahada ya takwimu, mwaka wa tatu, hapa Dar es Salaam. Kila nikiitaja kozi yangu nyumbani, baba mdogo huniuliza, "Kwa hiyo utakuwa karani wa sensa?"

Makarani nawaheshimu sana. Mwaka 2022 walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, tukajua tuko watu 61,741,120. Ila kazi yetu huanza pale kuhesabu kunapoisha.

Muhula uliopita nilikaa kituo cha Mwenge asubuhi na daftari, nikiandika kila abiria amengoja daladala dakika ngapi. Wastani ulitoka mzuri. Nilipoangalia mtawanyiko, yaani jinsi dakika za abiria zilivyopishana, ndipo nikashtuka: wengi walipanda upesi, lakini wanafunzi wenye sare waliachwa gari baada ya gari. Wastani ulikuwa umewameza. Nilijifunza pale kuliko mihadhara ya mwezi mzima.

Kinachoniuma ni kwamba miaka miwili ya kwanza tulikariri fomula za mtihani tu. Nawaomba walimu wetu watupe data halisi mapema, za bei za Kariakoo, za zahanati, za mvua za masika.

Na wewe mdogo wangu, kalkulasi ipo na ni ngumu, sikufichi. Uje hivyo hivyo.

Mwanafunzi wa takwimu,
Dar es Salaam