Kopo la Unga wa Baba

Dar es Salaam

Zuhura mpenzi,

Salaam nyingi, na za Baba peke yake. Picha ya kopo la unga ulilomnunulia Baba kwa ajili ya saratani yake ya mapafu niliipata jana usiku nafunga duka la dawa, nikaikuza mpaka herufi zikapasuka. "Flavonoidi asilia, huua seli za saratani ya mapafu." Sh 80,000, jamani! Umeniuliza kama ni uongo. Si uongo mtupu, na ndiyo maana umenikosesha usingizi.

Asubuhi nilikuwa namenya vitunguu, nikakukumbuka, nikayachemsha maganda. Maji yakageuka rangi ya chai kavu, na mwiko wangu una njano mpaka saa hizi. Ndani ya ganda hilo imejaa kwesetini, mojawapo ya hizo flavonoidi, kemikali za asili zilizomo kwenye mimea. Jina lao lenyewe limetokana na neno la Kilatini la umanjano. Zimo kwenye chai, machungwa, hata majani ya mlonge. Watafiti wakiimwagia kwesetini seli za saratani ya mapafu, seli hupunguza kugawanyika, nyingine hujiua zenyewe. Majaribio mengi hutumia seli ziitwazo A549, zilizotoka mwaka 1972 kwenye uvimbe wa mwanamume wa miaka 58, na hadi leo zinazaana maabara. Hapo mwenye kopo hakuzua kitu.

Ila seli hizo zimelazwa kwenye kisahani, zimeogeshwa kwesetini kali, mikromola (kipimo cha ukali wa mchanganyiko) 20, 50, pengine 100. Baba akila kitunguu au akikoroga unga, utumbo na ini huidaka kwesetini mlangoni, huigeuza na kuifungasha itoke na mkojo. Inayobaki kwenye damu ni kidogo mno ukilinganisha na ya kisahani, na karibu yote imeshabadilishwa sura.

Wapo waliojaribu kwa dhati. Kuna mti wa India uliotoa kiini ambacho wanakemia walikitengeneza upya kikawa flavopiridoli, flavonoidi iliyoingizwa moja kwa moja kwenye mshipa, bila kupita tumboni. Matokeo yalitoka 2001: wagonjwa 20 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa, na hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulisinyaa kwa kiwango kinachohesabika. Hiyo ni dawa ya mshipani, Zuhura, seuze unga wa kijiko.

Na usiniambie "basi angalau haudhuru." Finland waliwapa wanaume wavutaji sigara vidonge vya betakarotini, ile rangi ya karoti na mawese. Si flavonoidi, lakini nayo ilisifiwa kwa maneno haya haya. Watu 29,133 waliandikishwa. Majibu yalipotoka 1994, waliomeza betakarotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Marekani nako jaribio la namna hiyo likasimamishwa 1996 kabla ya muda wake. Karoti ya sahani haikumdhuru mtu. Ni ile iliyokamuliwa na kushindiliwa kwenye kidonge.

Kinachonitisha zaidi ni erlotinibu, kidonge cha saratani ya mapafu anachomeza Baba kila asubuhi kabla ya kula. Ini ndilo linaloivunja, na huko inapitia njia moja na vitu vingi vya mimea. Ndiyo maana alikatazwa balungi: tunda hilo huziba njia, dawa ikajaa mwilini, na vipele na kuhara vikazidi. Sasa kopo lako halisemi kuna mimea gani wala kiasi gani. Dondoo kali ya chai ya kijani peke yake imewahi kuwaumiza watu maini.

Sina ugomvi na miti, mwenzangu. Lile ua la pinki mlangoni kwenu, ambalo mbuzi hawaligusi, asili yake Madagaska. Kutokana nalo Wafaransa walitengeneza vinorelbini, dawa ya saratani ya mapafu iliyoidhinishwa kwao 1989. Lakini usije ukalichemsha! Ni sumu, na hospitali huipima kwa miligramu.

Kwa hiyo Baba na ale kitunguu chake, na mchicha, na chungwa baada ya chakula. Unga usimame leo, kidonge kisiruke hata siku moja. Kliniki ikifika, nenda na kopo lenyewe, uliweke mezani mbele ya daktari. Usione haya. Shangazi yangu alificha dumu la maji ya majani ya mstafeli uvunguni, na daktari akawa anatazama vipimo vya ini asielewe vinapanda kwa nini. Tuliliona dumu siku tunahamisha kitanda.

Najua ulinunua kwa sababu huwezi kukaa bure ukimsikiliza anavyokohoa usiku. Ningekuwa wewe pengine ningenunua mawili.

Nipigie picha ya upande wa nyuma wa kopo, pale penye herufi ndogo. Na uniambie amekula nini leo.

Wako,
Mwajuma