Ndiyo baba, naogopa

Kimara, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Hapa nyumbani hatujambo, dada yako na watoto wanakusalimu, na mimi naendelea na matibabu. Ulipopiga simu Jumapili uliniuliza kama naogopa. Sebuleni walikuwa wamejaa wanajumuiya, na jibu la swali lile si la kutolewa mbele ya wageni. Ndiyo baba, naogopa.

Nimeona nikuandikie kwa sababu ya lile ulilosema mwishoni, kwamba kwenye ushirika wenu wa chuoni mmefundishwa kuwa mwenye imani haogopi kifo, na anayeogopa akaikague imani yake. Hao waliowafundisha ni vijana wazima wa afya, siwalaumu. Ila fundisho lenyewe silikubali, na nataka ujue kwa nini.

Asubuhi napanda mwendokasi hapa Kimara mpaka Kivukoni, kisha bajaji hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Pale tunakaa kwenye benchi kusubiri kuitwa. Jirani yangu ni mama mmoja kutoka Lindi, Mwislamu. Yeye ana tasbihi yake, mimi nina Agano Jipya langu dogo, na ugonjwa wetu ni mmoja, saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini. Tumeshazoeana kiasi kwamba asipofika roho yangu haitulii. Ukiitwa unaingia, unalala kwenye kitanda kigumu, wanakuweka sawasawa kwa kufuata alama walizokuchora mwilini, halafu wote wanatoka na mlango mzito unafungwa. Wanakuona kwenye skrini, lakini mle ndani mmebaki wewe na mashine ya mionzi. Hauumii. Ni dakika chache tu.

Basi pale ndipo hofu inaponikamata, si usiku kitandani kwangu kama nilivyotarajia. Zaburi ya 23 niliyoikariri tangu Sunday School nikifika kwenye bonde la uvuli wa mauti inanikatikia. Nabaki na kipande kimoja, "Wewe upo pamoja nami", nakirudia mpaka mlango ufunguliwe. Kuna siku hata hicho hakiji, nasema "Baba" basi. Wala sioni kwamba nimeomba kidogo, maana Bwana wetu kule Gethsemane alianza hivyo hivyo: "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki."

Isome tena Marko 14, usiikimbize. Yesu alifadhaika. Aliwaambia wale watatu kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye, nao wakalala. Huyu ndiye aliyemwita Lazaro akatoka kaburini, na usiku ule anahitaji watu wa kukaa macho jirani naye. Kama Mwana wa Mungu hakuona aibu kuitamka hofu yake, mimi wa Kimara nijitie ushujaa ili anione nani?

Utashangaa watu wanaokuja kuniona. Mmoja aliniambia nisiutaje ugonjwa, eti kuutaja ni kuukiri. Mwingine aliniletea kichupa cha mafuta, akataja na kiasi cha sadaka inayoendana nacho. Nilimpa chai, tukaongea mambo mengine. Watu wa namna hiyo wakinichosha namkumbuka Trofimo. Sidhani kama umewahi kusikia mahubiri juu yake. Ukisoma Matendo ya Mitume sura ya 19, leso zilizomgusa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Lakini mwishoni mwa waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo huyo huyo anaandika bila maelezo yoyote: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Imeishia hapo. Hasemi Trofimo alikosa imani, hasemi kuna dhambi iliyojificha. Rafiki wa mtume alikuwa mgonjwa, safari ikaendelea, naye akabaki. Mstari huo umenisaidia kuliko mikutano mingi ya maombezi, na namshukuru Mungu kwamba Paulo hakuona haya kuuandika.

Halafu tazama Wafilipi. Sura ya kwanza Paulo anasema kwake kuishi ni Kristo na kufa ni faida. Tunaupenda mstari ule, tunauandika hata kwenye misalaba. Geuza ukurasa, sura ya pili, anasimulia jinsi Epafrodito alivyougua karibu ya kufa, Mungu akamhurumia, na Paulo anakiri kwamba yeye naye amehurumiwa, asije akapata huzuni juu ya huzuni. Mtu aliyesema kufa ni faida hakutaka rafiki yake afe! Yote mawili yalikaa ndani ya moyo mmoja. Ndiyo maana sitakukataza kulia, wala sitaki mtu akukataze.

Lakini hofu yangu ina mahali inapokomea. Paulo aliwaambia Wakorintho waziwazi kwamba kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure. Nami nasema hivyo: kama kaburi lile halikuwa tupu, basi tunayoyaimba misibani ni kubembelezana tu, afadhali tunyamaze. Mimi naamini lilikuwa tupu. Naamini mikono iliyompokea baba yako ndiyo itakayonipokea, iwe mwaka huu au nikiwa bibi kizee wa kuongozwa kwa fimbo. Hofu inakuja na kuondoka, na siku inapokuwa kali zaidi naona ninashikwa kuliko ninavyoshika.

Huko Mbeya una majirani wa Kanisa la Moravian. Mwaka huu ukikosa nauli ya kuja Pasaka usihuzunike, waombe uende nao makaburini alfajiri. Desturi hiyo ilianza mwaka 1732 kule Herrnhut, Ujerumani, vijana walipoamka kabla ya jua kutoka wakaenda kuimba makaburini kwamba Bwana amefufuka. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, ndiyo maana ipo huko kwenu. Sisi Walutheri wa KKKT tuna mazuri yetu, lakini kwa hili nawaonea wivu. Nenda ukasimame katikati ya makaburi, uimbe nao, kisha uniambie ulijisikiaje.

Sasa mambo ya nyumbani. Daktari anasema ugonjwa umewahiwa na matumaini ni mazuri, kwa hiyo haya siyaandiki kwa kukata tamaa, nayaandika yasije yakawagombanisha wewe na dada yako. Nizikwe Kinondoni alikozikwa baba yako. Msinisafirishe. Sanduku la kawaida. Sare za msiba msishone, na MC simtaki, mzee wa kanisa ataongoza. Rambirambi ziandikwe kwenye daftari na zikibaki ziende kwenye ada yako.

Na la mwisho, mwambie dada yako ampeleke binti yake chanjo ya shingo ya kizazi. Wasichana wanaipata tangu mwaka 2018, lakini kuna shoga yake kamtia hofu kwamba inafunga kizazi. Mimi nimesema mpaka nimechoka, labda wewe atakusikiliza. Na ukipata mtu wa kuaminika anayekuja Dar, mpe mchele wa Kyela hata kilo tano, nimkarimu yule mama wa Lindi tukimaliza matibabu.

Mungu akulinde.

Mama yako